Koti lako la kijivu bado lina maisha: kuchagua na kutunza makoti ya zamani

Swali

Habari za kazi, fundi. Nimenunua koti refu la sufu, la kijivu, ambalo muuzaji aliniambia ni la miaka ya 1940. Bitana yake imechanika kwapani, lina harufu ya kukaa kabatini muda mrefu, na karibu na ukosi nimeona vitundu viwili vidogo. Ndani lina lebo yenye alama za kufulia. Vilevile kuna jaketi la ngozi nililolipenda ila bado sijalilipia. Limekauka kidogo na zipu yake hukwama. Huku niliko baridi si ya theluji. Ni ubaridi wa asubuhi na jioni, upepo, na mvua za hapa na pale. Nitajuaje kwamba koti la zamani ni zima? Na nikishakuwa nalo, nilitunzeje lidumu?

Jibu

Kazi ni njema, ndugu yangu, na asante kwa kueleza kwa undani. Kabla ya yote: kama koti hilo la kijivu limeshaingia kabatini pamoja na nguo nyingine, litoe leo hii. Vitundu viwili karibu na ukosi vina kila dalili ya nondo, na mpaka uwe na hakika kwamba hakuna mabuu hai ndani yake, halifai kugusana na sweta wala suti. Litie kwenye mfuko mkubwa wa plastiki, funga mdomo barabara, uliweke peke yake. Dawa yake nitaieleza mbele.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mtu akishika koti la zamani, jicho lake hukimbilia kifungo kilichokatika, bitana iliyochanika, upindo ulioshuka. Mimi hayo nayatazama mwisho kwa sababu yote yanatengenezeka. Yanayoamua ni matatu: kitambaa chenyewe, mabega, na kile kilichofichwa kati ya kitambaa na bitana. Yakiwa mazima hayo, koti lina miaka mingi mbele yake hata likionekana chovu. Yakiwa yamekwisha, hata fundi hodari atakula pesa yako bure.

Kitambaa kipeleke kwenye mwanga. Liinue koti mbele ya dirisha au taa na ulipitie kipande kwa kipande, bila haraka. Mabuu wa nondo hawatafuni ovyo. Wanapenda giza, na wanapenda sufu iliyoshika jasho na mafuta ya mwili, kwa hiyo watafute chini ya ukosi, ndani ya mifuko na chini ya vifuniko vyake, kwapani, na kwenye mikunjo ya mikono. Pale ambapo hawakutoboa kabisa, huacha mfano wa njia iliyokwanguliwa juu ya uso wa kitambaa. Tundu moja, mawili, hata matano yaliyotawanyika, si sababu ya kuliacha koti zuri. Ninachokiogopa ni nuru kupenya kwenye viwiko, makalioni na kingoni mwa mifuko. Hapo hakuna aliyetoboa. Sufu imelika kwa kuvaliwa, na kiraka hakitashika kwa sababu kila kilicho kando yake nacho ni dhaifu.

Kisha shika sehemu ndogo karibu na upindo, kwa vidole vya mikono yote miwili, uvute taratibu. Sufu nzima hunyooka kidogo, halafu hurudi. Iliyokaa juani kwa miaka hutoa mlio mdogo wa nyuzi kukatika, nawe ukiusikia mlio huo lirudishe koti mahali pake hata kama rangi yake imekuteka. Tazama pia kama bitana inachungulia chini ya upindo. Wengi hudhani bitana imelegea, kumbe mara nyingi ni koti lililopungua: mtu alilifua kwa maji, sufu ikajikaza, bitana ikabaki na urefu wake wa awali. Ukilipapasa koti la namna hiyo utakuta kitambaa kimekuwa kinene na kigumu, na mishono imejikunyata. Sufu iliyojikaza hivyo hairudi.

Mabega yana mambo mawili. La kwanza ni umbo. Koti lililoning'inia miaka mingi kwenye henga nyembamba ya waya huota vinundu viwili pale ncha za henga zilipochoma. Mvuke huviondoa ikiwa kitambaa hakijalika. La pili ni kipimo chako mwenyewe: mshono wa bega unapaswa kuishia pale bega lako linapoishia, au kuzidi kidogo tu kwa koti la kuvaliwa juu ya sweta. Kiuno hupunguzwa, mikono hufupishwa, na mara nyingi hurefushwa pia, maana washonaji wa zamani waliacha kitambaa cha akiba ndani ya pindo. Bega ni shauri jingine. Kulibadilisha ni kufungua nusu ya koti: mikono itolewe, ukosi unyanyuliwe, pedi zipangwe upya. Kwa sababu hiyo, mimi husema chagua koti kwa bega, mengine tutayazungumza kwenye cherehani.

Halafu kuna kilichofichwa. Koti zuri la sufu lina tabaka la tatu katikati, kanvasi ya pamba au sufu iliyofumwa pamoja na singa za mkia wa farasi, nayo ndiyo inayolipa kifua na kola umbo la kusimama. Katika ushonaji wa zamani kanvasi hiyo hushikwa kwa mishono mingi iliyolegezwa makusudi, ili ijongee pamoja na mwili. Viwanda vingi baadaye vikaibadilisha kwa kitambaa cha kubandikwa kwa gundi na joto. Kuipima ni rahisi. Chini ya kifungo cha mwisho, bana kitambaa cha nje kwa vidole viwili na cha ndani kwa vingine viwili, uvitenganishe. Ukihisi tabaka jingine linaelea katikati, umepata kanvasi ya kushonwa. Ukihisi mawili tu, na la nje ni gumu kama limepakwa kitu, ni gundi. Gundi yenyewe si dhambi, ila ikizeeka huachia, na uso wa koti huota malengelenge ambayo pasi huyatuliza leo na mvua huyarudisha kesho. Koti lililokwisha kuota malengelenge kifuani silishauri kwa mtu yeyote.

Kuhusu umri, inaelekea muuzaji wako amekosea. Alama za kufulia unazozisema zinatokana na kazi ya GINETEX, shirika lililoanzishwa Paris mwaka 1963, na koti la miaka ya 1940 lisingetoka kiwandani likiwa nazo. Marekani nayo ilianza kuwalazimisha watengenezaji kuweka maelezo ya utunzaji mwaka 1972, kwa maneno. Alama bila maneno ziliruhusiwa huko mwaka 1997. Koti la Uingereza la wakati wa vita lingeweza kuwa na muhuri wa CC41, uliotumika kwenye nguo zilizoshonwa chini ya mpango wa serikali kati ya 1941 na 1952. Ukiikuta nembo ya Woolmark, ile ya uzi uliojizungusha, ujue ni 1964 au baadaye. Lebo iliyotaja Ujerumani Magharibi iko kati ya 1949 na 1990. Zipu ya plastiki iliyojisokota badala ya meno ya chuma nayo inakusogeza kwenye miaka ya 1960 na kuendelea, japokuwa zipu huweza kubadilishwa na lebo huweza kushonwa juu ya nyingine. Usiamini ushahidi mmoja. Soma lebo, zipu, vifungo, namna mishono ya ndani ilivyomalizwa, halafu uone kama vyote vinasimulia habari moja.

Lakini nisikuache na huzuni juu ya hilo. Koti la sufu la mwaka 1970 lenye kanvasi ya kushonwa ni bora kuliko la 1945 lililolika viwiko. Umri ni wa kufurahia, si wa kukukinga na baridi.

Namba za saizi kwenye makoti ya zamani zipuuze kabisa, kwa sababu viwanda vilizibadilisha mara nyingi, na koti la zamani kwa kawaida ni dogo kuliko la leo lenye namba hiyohiyo. Chukua koti unalolipenda, linalokukaa vizuri, ulilaze mezani, ulipime: kwapa hadi kwapa, bega hadi bega, bega hadi ncha ya mkono, na urefu wa mgongo tangu chini ya ukosi. Hizo ndizo namba zako. Kwa koti la kuvaliwa juu ya sweta, mzunguko wa kifua wa koti uzidi wa mwili wako kwa sentimita 12 hadi 18 hivi. Tundu la kwapa katika makoti ya zamani hukatwa juu zaidi. Mara ya kwanza utahisi linakubana, kisha utagundua kwamba unainua mkono bila koti zima kupanda nao. Ila likikata kwapa ukiwa umevaa sweta, hilo si lako.

Sasa baridi yako. Umesema ni ya asubuhi na jioni, upepo, na mvua za hapa na pale. Hii ni hali ambayo sufu ya uzito wa kati inaimudu kuliko kitu kingine chochote. Sufu huweza kubeba unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujauhisi, na inapoufyonza unyevu huo hutoa joto kidogo. Ndiyo maana mtu aliyevaa sufu hagandi pale manyunyu yanapoanza. Twidi, yenye nyuzi nene na mianya ya kushika hewa, inafaa mchana wa ubaridi mkavu, ila upepo mkali huipenya. Meltoni, ile sufu nzito iliyosuguliwa mpaka nyuzi zake hazionekani, huzuia upepo vizuri sana, lakini kwa baridi yako huenda ikakutoa jasho saa nne asubuhi. Gabardini ni kitambaa kingine kabisa: Thomas Burberry alikibuni mwaka 1879 na kukipatia hataza mwaka 1888, na siri yake ni nyuzi zilizosokotwa na kufumwa kwa kubanana sana hivi kwamba matone hayapati upenyo. Koti la gabardini ni jepesi, halina joto lake lenyewe, kwa hiyo lipe nafasi ya sweta chini yake. Ukipenda mtindo wa kijeshi, jaketi la M-65 la jeshi la Marekani, lililoanza mwaka 1965, lilibuniwa kwa hali ya hewa ya kubadilika: bitana yake ya joto hufungwa ndani kwa vifungo na kutolewa jua likipanda. Ukilinunua, ulizia kama bitana yake bado ipo.

Pamba iliyopakwa nta ni rafiki wa mvua. Nitaigusia haraka tu: haifuliwi kwa sabuni wala maji ya moto, maana nta yote itaondoka. Hufutwa kwa sifongo na maji baridi, na nta hupakwa upya inapoanza kunyonya maji mabegani na mishonini. Usiitundike ikiwa imegusana na sufu, kwani nta huhamia upande wa pili.

Rudi kwenye mfuko wa plastiki ulioufunga. Nondo wanaoruka, wale wadogo wenye rangi ya dhahabu iliyofifia, hawali nguo hata kidogo. Wanaokula ni watoto wao, na chakula chao ni keratini, protini iliyomo ndani ya sufu, manyoya na nywele. Ukimwua nondo anayeruka umeua mmoja, lakini mayai yamebaki kwenye mshono. Njia ninayoiamini ni baridi kali. Toa hewa kwenye mfuko kadiri uwezavyo, uufunge tena, uuweke kwenye friza inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri, uuache humo wiki mbili kamili. Ukiutoa, usiufungue papo hapo. Subiri koti lirudi kwenye joto la chumba likiwa bado ndani ya mfuko, la sivyo umande utatanda juu ya sufu na kuilowesha. Kama friza yako haina nafasi, mpelekee dobi anayesafisha kwa kemikali bila maji, umweleze wazi kwamba kuna nondo. Usafi huo huua mayai na mabuu. Baada ya hapo toka nalo nje, geuza mifuko, inua ukosi, na upige brashi kila mshono, maana kilichokufa nacho kinapaswa kuondoka.

Harufu ya kabati huondoka kwa hewa na subira. Litundike kivulini penye upepo, kwenye henga pana, siku kadhaa mfululizo, uliingize ndani usiku. Nimesema kivulini kwa makusudi. Jua kali hupausha rangi na kudhoofisha nyuzi, na koti lililoachwa uani kutwa nzima kwa siku nyingi huharibika bila mwenyewe kujua. Harufu ikigoma, nyunyizia ndani ya bitana pombe kali isiyo na rangi, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa manyunyu membamba sana, ukiwa umeijaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana. Pombe hukauka, na harufu hupungua. Manukato usiyatumie. Hukaa juu ya harufu ya zamani bila kuiondoa, na mafuta yake huacha doa. Jambo moja la tahadhari: bitana nyingi za zamani ni za asetati, kitambaa kinachong'aa kama hariri, na asetati huyeyuka ikiguswa na asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mtu akikushauri kutoa doa kwa asetoni, mkatalie.

Kutunza kwa kila siku ni kazi ndogo, na ndiyo inayolipa zaidi. Ukivua koti, toa kila kitu mifukoni, litundike, ulipige brashi ya singa kuanzia begani kwenda chini, kufuata mlalo wa nyuzi. Vumbi ni chembe ngumu. Likibaki ndani ya sufu, kila unapokunja kiwiko linasaga nyuzi. Usilivae siku mbili mfululizo ikiwa unaweza, ili unyevu wa mwili utoke na sufu ijinyooshe yenyewe. Likilowa, likung'ute, lifunge vifungo ili lisipoteze umbo, ulitundike mbali na jiko, hita na jua. Subiri likauke kabisa ndipo upige brashi. Tope bichi ukilisugua linazama, tope kavu hudondoka lenyewe. Mikunjo huondolewa kwa mvuke. Pasi ya moto ikigusa sufu moja kwa moja huacha mng'ao usiotoka, kwa hiyo weka kitambaa cha pamba chenye unyevunyevu katikati, uinue na kushusha pasi badala ya kuiburuza.

Kuhusu kufua, nitasema kwa nguvu zangu zote: koti lenye kanvasi na pedi usilitie ndani ya maji. Kila uzi wa sufu una magamba madogo sana juu yake. Joto, maji na msuguano vikikutana, magamba hayo hushikana na hayaachiani tena, na huko ndiko kujikaza nilikokueleza. Zaidi ya hapo, kanvasi, pedi na bitana kila kimoja hupungua kwa kiasi chake, na koti linatoka limepinda. Usafi wa kemikali nao una gharama yake: huondoa uchafu wa mafuta pamoja na mafuta kidogo ya asili yanayoilinda sufu. Mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa majira ya baridi kabla ya kulihifadhi, inatosha kwa koti linalopigwa brashi. Kabla ya kulipeleka kagua vifungo. Baadhi ya vifungo vya plastiki vya zamani, hasa vya polistirini, huyeyuka ndani ya kemikali na kuacha doa la kudumu, kwa hiyo vya thamani au usivyovijua vikate, uvitie kwenye bahasha, uvishone tena baadaye. Mwombe dobi asilipige pasi ya kulalia kifuani. Kola iliyoviringishwa kwa mikono ikishindiliwa bapa hupoteza uzuri wake wote.

Kwa ajili ya kulihifadhi kipindi cha joto, kumbuka kwamba nondo huvutwa na uchafu kuliko sufu yenyewe. Koti lililohifadhiwa safi limeshashinda nusu ya vita. Litundike kwenye henga nene yenye upana wa bega, ndani ya mfuko wa kitambaa cha pamba, mahali pakavu. Mfuko wa plastiki wa dobi utoe siku hiyohiyo, kwa kuwa hufungia unyevu, na ukungu hauhitaji zaidi ya hewa yenye unyevu wa asilimia 70 hivi ili uanze. Mbao za mwerezi na lavenda zinanukia vizuri lakini nguvu zake ni ndogo na hufifia. Usizifanye kinga pekee. Vidonge vya naftalini mimi sivitumii na siwashauri wengine. Mvuke wake una madhara kwa mtu, na kwa watoto wachanga na wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, huweza kuzipasua chembe hizo. Umoja wa Ulaya ulivipiga marufuku mwaka 2008. Badala yake toa makoti kila mwezi, yakung'ute, yatazame chini ya ukosi, safisha sakafu ya kabati na pembe zake. Mabuu wa nondo hawapendi kusumbuliwa, nawe wasumbue.

Sasa marekebisho ya koti lako. Vitundu viwili vya ukosini vinaweza kufumwa upya: fundi huchomoa nyuzi chache kutoka kwenye akiba ya upindo wa ndani wa koti lenyewe na kuzisuka moja moja kufuata ufumaji wa awali. Kazi hiyo huchukua muda, na ikifanywa vizuri utahangaika kuliona lilikokuwa tundu. Bitana ina maamuzi mawili. Ikiwa imechanika kwenye mshono tu, na pembeni yake kitambaa ni kigumu, ishonwe. Ikiwa imeoza kwa jasho, ukiigusa inachanika mahali pengine, usitupe pesa kwenye viraka; badilisha yote. Mwombe fundi atumie viskosi, kitambaa cha nyuzi zitokanazo na mbao, badala ya poliesta, kwa sababu viskosi hupitisha unyevu na huteleza vizuri juu ya sweta. Muhimu zaidi, aache mkunjo wa nafasi katikati ya mgongo na kipande cha ziada kwapani. Bitana nyingi huchanika kwapani kwa sababu zilikatwa sawasawa na koti, na mkono ukinyoshwa hazina pa kwenda. Bitana ya zamani isitupwe kabla haijatumika kama kielelezo cha kukatia mpya. Lebo itolewe kwa uangalifu na kushonwa tena mahali pake palepale, maana bila hiyo habari ya koti inapotea.

Limebaki jaketi la ngozi. Ngozi haikupi joto jingi, lakini huzuia upepo kuliko kitambaa chochote, na kwa asubuhi zako, ukiwa na sweta nyepesi ndani, inafaa sana. Tangu Irving Schott wa New York alipotia zipu kwenye jaketi la pikipiki mwaka 1928 na kuliita Perfecto, umbo lake limebaki karibu vilevile, ndiyo maana la zamani halionekani la kizamani.

Rudi dukani ukalijaribu hivi. Kunja ukosi na kiwiko taratibu, utazame mkunjo. Mistari myembamba ya juujuu ni ukavu, unatibika. Nyufa zinazofunguka mpaka unaona nyuzinyuzi za ndani hazitibiki. Sugua ndani ya mfuko na chini ya ukosi kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na unga mwekundu wa kahawia, ngozi yenyewe inaoza na hakuna mafuta yatakayoiokoa. Vuta kidogo karibu na mshono wa kwapa, uone kama matundu ya sindano yanapanuka. Kisha tafuta ukingo uliokatwa, kwa mfano ndani ya kitanzi cha kifungo au nyuma ya zipu. Ukiona kitambaa kilichofumwa chini ya uso unaong'aa, hiyo ni plastiki ya poliyurethani, nayo unyevu wa hewa huivunja taratibu mpaka inabanduka magamba. Ikishaanza haina dawa.

Likifaulu, lifute vumbi kwa kitambaa chenye unyevunyevu, liache likauke kivulini, kisha paka mafuta maalumu ya ngozi kidogo mno, kwa kidole, ukianza chini ya ukosi kuona kama rangi inabadilika. Acha usiku kucha, futa yaliyobaki, rudia kama bado linaonekana na kiu. Mafuta mengi kwa mara moja huilegeza ngozi na kuziba pumzi yake. Mafuta ya kupikia huchacha ndani ya ngozi, na rangi ya viatu itahamia kwenye nguo zako, kwa hiyo viache vyote viwili. Kama ni ngozi ya upande wa ndani, ile yenye manyoya laini ya kupapasika, usipake chochote. Inahitaji brashi tu. Mvua ikilipata, lisikaribie moto, kwa kuwa ngozi iliyolowa ikipata joto hujikunja na kuwa ngumu kabisa. Ukungu ukitokea, lipige brashi nje ya nyumba, ulifute kwa pombe na maji kidogo, ulipe hewa.

Zipu inayokwama isikutishe. Ipitishe risasi ya penseli juu ya meno pande zote mbili, au kipande cha mshumaa, uisogeze juu na chini bila nguvu. Hesabu meno yaliyopotea, na utazame zaidi sehemu ya chini ambako pini huingia kwenye kisanduku, kwa sababu pakiwa pameraruka hapo zipu nzima itabadilishwa. Kubadilisha zipu kwenye ngozi kunawezekana mara moja, pengine mbili, maana kila tundu la sindano kwenye ngozi ni la kudumu. Fundi apite kwenye matundu yaleyale ya zamani. Kama ukosi haukufunguka nyufa na kitambaa chako cheupe kimetoka kisafi, lipie ulichukue, na uzipe zipu na ngozi hiyo wiki moja ya kazi kabla hujalivaa.